Majina ya Mabinti na Asili Yake (3): Dinknesh, wanaolijua wengi, wanaoitwa wachache

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulipitia majina ya ubatizo yaliyoingia Ungoni tangu Wabenediktini walipofungua misheni ya Peramiho mwaka 1898, kisha tukaangalia majina ya matukio kama Shida, Tabu, Mashaka na Sikujua. Baada ya sehemu ya pili kutoka, mama mmoja wa Bombambili alituuliza swali. Amelisikia jina Dinknesh redioni, limemkaa moyoni, naye ni mjamzito. Je, jina hilo lina maana gani, ni la dini gani, na mtoto wa Songea anaweza kupewa? Nitayajibu maswali yake matatu kwa mpangilio huohuo.

Dinknesh ni jina la Kiamhara, lugha iliyotawala ofisi na shule za Ethiopia kwa miaka mingi. Kiamhara ni ndugu wa Kiarabu na Kiebrania, ndiyo maana Mswahili akiisikiliza lugha hiyo huokota neno moja moja analolifahamu: salamu zetu, zilizotufikia kwa njia ya Kiarabu, na selam yao yenye maana ya amani, zimechipuka kutoka shina moja. Ila Kiamhara kina hati yake, ambayo kila herufi hubeba konsonanti pamoja na irabu yake. Jina letu la leo huandikwa kwa herufi tano tu.

Jina lina vipande viwili. Cha kwanza ni dink, yaani ajabu, jambo linalomfanya mtu asimame alitazame. Cha pili ni nesh, maana yake "wewe ni", na huambiwa mwanamke peke yake. Mwanamume angeambiwa neh. Kiswahili hakina tofauti hiyo, kwa kuwa "wewe" yetu haibagui mume wala mke, kwa hiyo tafsiri ya kawaida humpoteza binti njiani. Ukitaka kumrudisha itabidi useme: ewe binti, wewe ni wa ajabu.

Hapa bibi wa mtoto anaweza kukunja uso, na ana haki. Mtaani kwetu kumwita mtu "wa ajabu" si lazima iwe sifa. Mara nyingine ni kusema kwamba haeleweki. Kwa Waamhara neno dink limeelemea upande wa sifa. Biblia ya Kiamhara hulitumia katika Isaya 9:6, pale ambapo Biblia yetu ya Kiswahili imeweka "wa ajabu" miongoni mwa majina ya mtoto aliyeahidiwa. Bibi na awe na amani.

Jina hili lina dada zake, na wapenzi wa riadha wanawajua bila kujua kwamba ni wa tumbo moja. Tirunesh Dibaba, aliyetwaa dhahabu ya mita 10,000 katika Olimpiki za Beijing 2008 na London 2012, jina lake lasema "wewe ni mwema". Worknesh Degefa, mshindi wa marathoni ya Boston mwaka 2019, huambiwa "wewe ni dhahabu" kila anapoitwa. Neno hilohilo la dhahabu limo katika jina la Sahle-Work Zewde, aliyeongoza ofisi ya Umoja wa Mataifa jijini Nairobi kabla ya kuwa mwanamke wa kwanza kushika urais wa Ethiopia, mwaka 2018. Na Dinknesh mwenyewe yumo mbioni: Dinknesh Mekash alishinda marathoni ya Mumbai mwaka 2014 na 2015. Msomaji asidhani kuwa Mekash ni jina la ukoo. Ni jina la baba, kwa maana Waethiopia wengi hawana majina ya ukoo. Mtu hufuatisha jina la baba yake, na akitaka huongeza la babu, sawa na tunavyojaza fomu hapa kwetu.

Linganisha sasa na majina ya wiki iliyopita. Shida ni habari ya mwaka aliozaliwa mtoto. Sikujua ni maneno ya mama. Zawadi humtazama mtoaji, na Atupele wa majirani zetu Wanyakyusa husema kwamba Mungu ametupa. Majina hayo ni mazuri, lakini mazungumzo yake ni ya wakubwa. Mtoto ni kumbukumbu ya mambo yao. Dinknesh humgeukia mtoto mwenyewe. Kila amwitaye, awe rafiki, mwalimu au mgomvi wake kisimani, hulazimika kumsifu uso kwa uso ndipo aendelee na lililomleta. Mzazi anayechagua jina la namna hii ameikabidhi jamii nzima kazi ya kumpa binti yake moyo, bila kumwomba mtu ruhusa.

Swali la pili lilikuwa la dini. Dinknesh si jina la dini. Waumini wa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia humbatiza mtoto wa kiume siku ya 40 na wa kike siku ya 80, na siku hiyo mtoto hupewa jina la kanisa lililo mbali na lile la nyumbani. Binti anayeitwa Dinknesh sokoni anaweza kuwa Wolete Mariam mbele ya padri, yaani binti wa Mariamu. Mtindo huo si mgeni Ungoni. Wapo bibi zetu wengi wenye jina la Kingoni au Kimatengo jikoni na jina la Skolastika au Otilia katika kitabu cha ubatizo. Tofauti ni kwamba kwetu jina la ubatizo ndilo lililoshinda likaingia shuleni na kazini. Kule, jina la nyumbani ndilo linalotembea hadharani.

Pamoja na uzuri wake, jina hili halina wengi. Ukikaa na Waethiopia utakutana na Almaz, Tigist, Meseret na Hiwot mara nyingi kabla ya kumpata Dinknesh mmoja. Lakini dunia nzima imelisikia, kwa sababu ya mifupa.

Tarehe 24 Novemba 1974, huko Hadar katika nchi ya Waafar, kaskazini-mashariki mwa Ethiopia, Mmarekani Donald Johanson na mwanafunzi wake Tom Gray waliona kipande cha mkono kimechomoza kwenye mteremko. Uchimbaji ulipokamilika walikuwa na takriban asilimia 40 ya mifupa ya kiumbe mmoja wa kike, mwenye kimo cha mita moja na kidogo, aliyetembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.2 iliyopita. Usiku wa siku ya ugunduzi, kambini ulikuwa ukipigwa wimbo wa Beatles uliomtaja Lucy, na jina hilo likamganda. Waethiopia wakampa jina lao, Dinknesh. Lucy lilitoka katika kinasa sauti. Dinknesh ni neno ambalo mtu angemwambia yeye mwenyewe, kama angekuwa hai. Mifupa hiyo ni mali ya Makumbusho ya Taifa, Addis Ababa.

Mtanzania hapaswi kuisoma habari hii kama ya jirani. Mwaka huohuo wa 1974, watu wa mtafiti Mary Leakey walikuwa wakiokota mataya na meno Laetoli, kusini mwa Olduvai, katika eneo la Ngorongoro. Mwaka 1978 Johanson na wenzake walipotangaza jamii mpya ya zamadamu, waliipa jina la nchi ya Waafar, Australopithecus afarensis. Kanuni za sayansi hudai kila jamii iwe na kielelezo kimoja rasmi cha kupimia vingine vyote, na wao hawakuchagua mifupa ya Dinknesh. Walichagua taya la Laetoli lenye namba LH 4. Kwa hiyo jina la jamii hiyo ni la Ethiopia, na kipimo chake ni cha Tanzania. Mwaka uleule wa 1978, Laetoli ilitoa nyayo zilizoachwa juu ya majivu ya volkano miaka milioni 3.66 iliyopita, ambazo wataalamu wengi wanazihesabu kuwa za jamii hiyohiyo. Ndugu zake Dinknesh walipita kwetu, tena zamani kumliko yeye.

Jina halikuishia ardhini. Tarehe 1 Novemba 2023 chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Lucy, kwa heshima ya mifupa ile, kilipita karibu na asteroidi ndogo katika mkanda wa mawe ulio kati ya Mirihi na Mshtarii. Asteroidi hiyo ilikuwa imekwisha kupewa jina Dinkinesh. Picha zilipofika duniani, wataalamu wakaona kwamba ina mwezi wake mdogo unaoizunguka, nao wakauita Selam. Hilo ndilo jina la mtoto wa jamii ya Dinknesh ambaye mifupa yake ilipatikana Dikika, ng'ambo ya pili kutoka Hadar, mwaka 2000.

Basi umaarufu wa jina ni mambo mawili yanayochanganywa kila siku: kuna jina linalojulikana, na kuna jina linaloitwa. Songea tunao mfano wetu. Kila Februari, wakati wa kumbukumbu za Vita vya Majimaji, hutajwa Mkomanile, nduna wa kike wa Kitanda, ambaye vitabu vingine humwandika Nkomanile. Aliyapokea maji ya dawa yaliyoletwa na mjumbe Kinjala mwaka 1905, akawa kiungo cha kuyafikisha kwa wakuu wa Wangoni, na Wajerumani wakamnyonga mwaka 1906. Jina lake limo katika Makumbusho ya Majimaji hapa Songea na midomoni mwa wanafunzi. Lakini tuwaite wasichana wa darasa moja, ni mara ngapi tutamsikia Mkomanile akiitikia "nipo"? Tumezoea kuyatundika majina makubwa ukutani na kuwapa watoto mengine. Waethiopia walifanya kinyume: walichukua jina la kawaida la binti, wakaipa mifupa, na jina likabaki huru kwa yeyote anayetaka kumpa mwanawe.

Nimefika kwenye swali la tatu. Ndiyo, mtoto wa Songea anaweza kuitwa hivyo, ila mzazi azingatie mambo machache. La kwanza ni matamshi. Sauti ya kati kwa Kiamhara ni k inayobanwa kooni na kuachiwa ghafla, na ulimi wetu hauna desturi nayo. Mlimbikizo wa n, k na n nao utapata irabu tu, upende usipende, na watu watatamka Dinkineshi. Hakuna ubaya. Scholastica aligeuka Skolastika kwa njia hiyohiyo, na hakuna aliyepungukiwa.

La pili ni maandishi. Papo mahali wanapoandika Dinknesh, kwingine Dinkinesh, kwingine Dinqnesh. Kwa mtoto wa hapa ningechagua Dinkinesh, kwa sababu lipo karibu na matamshi yetu. Muhimu zaidi ni kuchagua moja na kulishikilia: kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa cha RITA, rejista ya shule na kitambulisho cha NIDA visomeke sawasawa. Irabu moja iliyozidi huweza kumrudisha kijana mlangoni kwa kiapo cha mahakama akiwa na miaka kumi na minane.

La tatu ni ufupisho. Watoto wa mtaani watamwita Dinki. Hapo ile nesh itakatika, na kwa nesh ndipo binti anapoambiwa. Atakayebaki na "ajabu" bila "wewe ni" amebaki na nusu ya zawadi. Nyumbani, angalau, aitwe kwa ukamilifu.

Wiki ijayo, katika sehemu ya nne, tutageuka kusini na kuyafuata majina ya Kinguni yaliyovuka mto Zambezi pamoja na Zwangendaba mwaka 1835. Wasomaji wenye bibi au shangazi mwenye jina la Kingoni ambalo maana yake bado inakumbukwa nyumbani walete kabla ya hapo, pamoja na jina la kijiji, ili tuyaweke kwenye maandishi wakati wanaoyajua wangali nasi.