Wanatakwimu Walipoingilia Kesi ya Mauaji

Novemba 1999, mahakama ya Chester, Uingereza, ilimtia hatiani wakili Sally Clark kwa kuwaua wanawe wawili wachanga. Daktari bingwa wa watoto, Roy Meadow, alikuwa ameieleza mahakama kwamba uwezekano wa familia kama ile kupatwa na vifo viwili vya ghafla visivyo na maelezo ni 1 kati ya milioni 73.

Namba hiyo ilitoka wapi? Utafiti ulikadiria kwamba katika familia yenye kipato na isiyovuta sigara, kifo cha aina hiyo humpata mtoto 1 kati ya 8,543. Ikazidishwa 8,543 kwa 8,543, basi. Ukirusha sarafu mara mbili, hesabu hiyo inakubalika, maana mrusho wa kwanza hauugusi wa pili. Lakini ndugu wa tumbo moja wana damu moja na nyumba moja. Kilichomuua wa kwanza chaweza kumpata na wa pili. Kosa lingine, kwangu mimi baya zaidi, ni kuichukua namba hiyo kana kwamba ndiyo uwezekano wa mama kutokuwa na hatia. Mama kuua watoto wake wawili nako ni nadra mno. Nadra hizo mbili zilipaswa kulinganishwa.

Rufaa ya kwanza iligonga mwamba mwaka 2000. Mtaalamu mmoja akipinga, ni rahisi kumpuuza. Oktoba 2001 kikasema chama kizima cha wanatakwimu: Royal Statistical Society, kilichoanzishwa London mwaka 1834, kilitamka kwamba namba ile haina msingi wa kitakwimu. Januari 2002 rais wake, Peter Green, akamwandikia Lord Chancellor, mkuu wa mahakama wakati huo, akitaka ushahidi wa takwimu utolewe na wenye taaluma hiyo tu.

Angalia mipaka waliyojiwekea. Chama hakikusema Clark hana hatia. Hiyo si kazi yake. Clark aliachiwa Januari 2003, hasa kwa sababu majibu ya vipimo vya maabara yalikuwa hayajafikishwa kwa mawakili wake, ingawa majaji waliikosoa na hesabu ile. Mwaka 2010 chama kikatoa mwongozo wa kwanza kati ya kadhaa kwa majaji, mawakili na mashahidi wataalamu, kuhusu namna ya kusoma uwezekano mahakamani.