Kongo na Damu Iliyowekwa Akiba

Mwaka 1959, katika mji wa Leopoldville, ambao leo ni Kinshasa, mwanamume mmoja alitolewa damu kwa ajili ya uchunguzi usiohusu UKIMWI hata kidogo. Ugonjwa huo ulikuwa haujajulikana. Madaktari wa Marekani waliutambua mwaka 1981. Lakini damu ile haikumwagwa. Iligandishwa ikawekwa, na watafiti walipoipima upya katika miaka ya 1980 waliona dalili za virusi vya UKIMWI.

Shahidi wa pili alipatikana Kinshasa kwenyewe. Chuo Kikuu cha mji huo kilikuwa kimehifadhi ndani ya nta vipande vidogo vya miili ya wagonjwa, kimojawapo kikiwa cha tezi ya mwanamke, kilichokatwa mwaka 1960. Virusi vyake vilipolinganishwa na vile vya 1959 vilionekana kutofautiana sana. Kwa kuwa virusi hubadilika kidogo kidogo kadiri miaka inavyopita, wataalamu waliweza kuhesabu kurudi nyuma, wakakuta kwamba asili yake ya pamoja ni kati ya mwaka 1884 na 1924. Matokeo hayo, yaliyotolewa mwaka 2008, hayaachi nafasi kwa uvumi uliotangazwa sana enzi za vita baridi kwamba virusi hivyo vilitengenezwa katika maabara ya kijeshi.

Yafaa kukumbuka kipande kile cha nta kilipitia nini. Mwaka ule ule wa 1960 jeshi la Kongo liliasi, siku chache tu baada ya uhuru. Mwaka 1991, na tena 1993, askari waliupora mji wa Kinshasa. Nta haihitaji umeme, ikasalimika. Damu iliyogandishwa haina bahati hiyo, na hapo ndipo nchi maskini inaponyimwa urithi wake: mwenye jokofu ndiye mwenye ghala.

Mfano ni Ebola. Mtu mmoja aliyepona ugonjwa huo huko Kikwit mwaka 1995 alitolewa damu mwaka 2006. Kutokana na chembe zake watafiti wa Marekani walipata kingamwili, wakaifanya dawa. Ilijaribiwa mashariki mwa Kongo kuanzia mwaka 2018: waliopewa dawa hiyo walikufa 35 katika kila 100, na waliopewa dawa ya kulinganishia walikufa karibu 50. Marekani iliidhinisha mwaka 2020, na haki ya kuitengeneza ilikabidhiwa kampuni ya huko huko.

Majaribio hayo yalifanyika katikati ya vita. Mwaka 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na daktari mmoja wa Shirika la Afya Duniani akauawa. Wananchi wengi waliamini kwamba Ebola ilibuniwa ili watu fulani wapate fedha. Bunduki ya mlinzi haiwezi kuondoa shaka ya namna hiyo; pengine huizidisha.

Ndiyo maana Profesa Muyembe, aliyeichunguza Ebola tangu mlipuko wa kwanza wa Yambuku mwaka 1976, alitangaza mwaka 2019 kwamba damu ya wagonjwa wa Kongo ipimwe Kongo. Mwaka 2020 taasisi yake mjini Kinshasa ilipata maabara mpya kwa msaada wa Japani. Majokofu yake yanadai umeme usiku na mchana.