Baridi ya milimani hufichua maradhi ya dizeli kuukuu

Mwenye gari kuukuu la dizeli anayekaa Kinanira, kusini mwa jiji la Bujumbura, hana sababu kubwa ya kuiogopa baridi. Ziwa Tanganyika li karibu, usiku una joto, na injini iliyolala uani huamka alfajiri kwa mizunguko michache ya stata. Moshi kidogo hutoka, mlio hutulia, kisha safari huanza. Mwenyewe hujivuna mbele ya majirani kwamba gari lake lina zaidi ya miaka arobaini, wala halijui uzee.

Lakini tuseme siku moja mtu huyo anaipanda barabara ya Musaga kwenda Ijenda kuwatazama wazee. Ni mwezi wa Julai, wakati wa kiangazi, ambapo usiku wa milimani huwa na baridi ya kutetemesha. Analala huko. Saa kumi na moja alfajiri anaamshwa: mama yake amezidiwa na ugonjwa, hapana budi ateremshwe mjini hospitali. Anageuza ufunguo, stata inazunguka kwa uvivu, moshi mweupe unatanda, injini haishiki. Anajaribu tena na tena mpaka betri inaishiwa na nguvu. Vijana wanaitwa kusukuma. Mmoja anakuja na jiko la makaa ili aliweke chini ya injini. Na muda wote huo mgonjwa yumo katika kiti cha nyuma, amefunikwa blanketi, anangoja.

Kisa hiki ni cha mfano tu, lakini wale wanaoendesha dizeli za zamani kati ya bonde na mlima wataitambua picha yake. Na hapo ndipo mawazo hukimbilia mbali. Ndugu aliyeko Kanada, akizipata habari hizo kwa simu, husema: "Kaka, huku sisi tunalichomeka gari kwenye umeme usiku. Nitakuletea hita." Baada ya miezi kadhaa kifaa kinafika, na waya wake, na plagi yake ya pini tatu. Je, kifungwe? Jibu la swali hilo lina faida kwa kila mwenye dizeli iliyozeeka.

KIFAA CHA NCHI ZA THELUJI

Hita ya bloku ni kipande cha waya wa umeme kilichofungwa ndani ya chuma, kama kile cha birika la umeme. Huingizwa katika bloku ya injini, mahali panapopita maji ya kupoza silinda. Mwenye gari huchomeka plagi katika soketi ya ukutani, maji hupata joto, chuma hupata joto, na asubuhi injini huwaka kana kwamba imezimwa muda mfupi uliopita.

Kifaa hiki kina historia ya haja ya kweli. Miongoni mwa waanzilishi wake ni Andrew Freeman, mtu wa Grand Forks katika jimbo la North Dakota, Marekani, aliyepewa hataza mwaka 1949 kwa hita iliyochukua nafasi ya boliti mojawapo ya kichwa cha injini. Huko, na katika miji kama Winnipeg nchini Kanada au Fairbanks huko Alaska, baridi huweza kushuka mpaka nyuzi 30 chini ya sifuri na kuzidi. Oili huwa nzito kama asali, na betri hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Ndiyo maana katika viegesho vingi vya miji hiyo zipo nguzo zenye soketi za umeme, na waya wa hita huning'inia mbele ya gari. Wenyeji aghalabu huanza kuitumia hita baridi inapokaribia nyuzi 15 chini ya sifuri.

Ijenda haifiki huko. Usiku wa kiangazi katika nyanda zetu za juu huweza kushuka chini ya nyuzi 10, lakini hizo ni nyuzi 10 juu ya sifuri. Injini ya dizeli iliyo na afya njema haina haki ya kugoma kwa baridi ya kiasi hicho. Basi kama inagoma, chanzo kitafutwe ndani yake.

JOTO LINALOTOKANA NA MGANDAMIZO

Injini aliyoibuni Rudolf Diesel, iliyofanya kazi kwa mafanikio mwaka 1897 katika mji wa Augsburg, Ujerumani, haina cheche ya kuwasha mafuta. Pistoni hupanda na kuibana hewa mpaka ibaki kiasi cha sehemu moja ya ishirini ya nafasi yake ya awali. Hewa iliyobanwa hivyo hupata joto linaloweza kupita nyuzi 500, na mafuta yakinyunyizwa humo hujiwakia yenyewe. Uhai wote wa dizeli, basi, ni joto linalotokana na mgandamizo.

Joto hilo lina maadui. Wa kwanza ni chuma baridi, kinacholinyonya kabla mafuta hayajawaka. Wa pili ni mzunguko wa polepole, kwa sababu betri ni dhaifu au oili ni nzito, hata hewa ikapata muda wa kupoa na kuvuja. Wa tatu ni ringi na valvu zilizolika, zinazoitorosha hewa hiyo. Tena mlima wenyewe huongeza adui wa nne. Ziwa Tanganyika liko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari, na Ijenda ni zaidi ya mita 2,000. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6, na juu ya hayo huwa nyepesi: katika mita 2,000 mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa kiasi cha moja ya saba kuliko ulivyo kando ya ziwa. Silinda inayovuta hewa haba ina hewa haba ya kubana.

Hapo utaona, ndugu msomaji, kwamba gari la Kinanira lilikuwa likiishi kwa mkopo wa joto la bondeni. Maradhi yalikuwamo siku zote. Mlima uliudai mkopo huo kwa usiku mmoja.

MGONJWA HUPIMWA KWANZA

Mwenye gari akiipeleka hita yake Buyenzi, mtaa unaosifika kwa mafundi wa magari, na kusema, "Fundi, nifungie kitu hiki," fundi mwenye busara atamjibu, "Sawa mzee, lakini kwanza tuzitazame buji."

Buji za dizeli ni vijiti vinavyopashwa moto kwa umeme wa betri kabla ya injini kuzungushwa. Injini nyingi za magari madogo ya zamani, kama Peugeot 504 ya dizeli, Mercedes-Benz 240 D na Toyota Hilux, zina kijichumba kando ya silinda, na kijichumba hicho hunyonya joto upesi; bila buji huwa vigumu kuziwasha zikiwa baridi. Bondeni, buji mbili zikifa kati ya nne, injini huweza kuwaka bado, na dereva asijue. Kuzipima ni rahisi. Ondoa waya unaoziunganisha, shika taa ndogo ya volti 12, mguu mmoja wa taa uguse ncha chanya ya betri na wa pili uguse kichwa cha buji. Taa ikiwaka, waya wa ndani ya buji haujakatika. Isipowaka, buji imekufa. Katika baadhi ya magari ya kale buji zilifungwa kwa mfululizo, kwa hiyo moja ikikatika zote huzimika.

Baada ya buji hufuata betri: ikiwa imejaa na imepumzika, huonyesha kiasi cha volti 12.6. Vichwa vyake visafishwe, na waya unaoiunganisha injini na bodi ukazwe. Kisha oili: ile nzito inayouzwa kwa ajili ya joto huizuia stata milimani, na 15W-40 hufaa injini nyingi za aina hii pande zote mbili. Kisha mafuta yenyewe. Katika miaka hii ya 2020 wakazi wa Bujumbura wameonja uhaba wa mafuta, na wengi wamenunua kwa madumu. Dumu huweza kuleta maji na takataka, basi chujio limwagwe maji na kubadilishwa. Itazamwe pia mipira ya mafuta, maana ufa mdogo huingiza hewa usiku, na mafuta hurudi katika tangi.

Mwisho hupimwa mgandamizo wa kila silinda kwa geji ya dizeli. Ikiwa silinda moja imepungua sana kuliko wenzake, au zote ziko chini ya kipimo cha mtengenezaji, injini yataka kufunguliwa. Hita itaificha hali hiyo kwa muda, lakini haitaiponya.

IKIWA LAZIMA KUIFUNGA

Hata hivyo, yuko anayelala milimani kila siku, mwenye umeme nyumbani na injini iliyokwisha kupimwa. Huyo akitaka kupunguza taabu ya stata na betri, hita haitamdhuru, mradi aifunge kwa kanuni.

Kwanza asome volti zilizoandikwa juu yake. Hita za Kanada na Marekani hutengenezwa kwa volti 120, na umeme wetu ni volti 220. Hita hiyo ikichomekwa ukutani kwetu hula umeme zaidi ya mara tatu ya kiasi chake, nayo huungua au huunguza nyumba. Atafute iliyotengenezwa kwa volti 220 hadi 240, inayolingana na injini yake.

Injini ikiwa imepoa kabisa, maji humwagwa kutoka katika rejeta na katika bloku. Ubavuni mwa bloku mna vizibo vya bati vya mviringo. Kile kilichotajwa na mtengenezaji hugongwa upande mmoja mpaka kigeuke, kisha huvutwa nje kwa koleo, bila kukiacha kitumbukie ndani. Kutu husuguliwa mpaka ukingo uwe laini. Hita huingizwa kwa upande ulioelekezwa, isiguse ukuta wa silinda, na skrubu yake hukazwa kwa kiasi. Maji yenye dawa ya kuzuia kutu hurudishwa, na hewa hutolewa. Hita isichomekwe kamwe bloku ikiwa tupu, kwa maana itaungua mara moja.

Waya ufungwe mbali na feni na bomba la moshi. La muhimu kupita yote ni waya wa ardhi. Gari limekaa juu ya mipira. Umeme ukivuja na soketi haina ardhi, bodi nzima hugeuka mtego kwa mtoto atakayeligusa. Saa mbili au tatu kabla ya safari zatosha: hita ya wati 600 kwa saa tatu hula yuniti 1.8. Aliyelala na gari lililochomekwa asisahau kuchomoa kabla ya kuondoka.

Njia mbili hazifai hata kidogo. Jiko la makaa chini ya injini limekaribiana na mipira ya mafuta na oili iliyovuja. Kinachopashwa joto huweza kuteketea. Na dawa ya etha ya kupuliza katika njia ya hewa, ikikutana na buji iliyo moto, hulipuka kabla ya wakati wake na huweza kuvunja pistoni.

Dalili za maradhi huonekana hata Kinanira, kwa anayetaka kuziona: stata inayozunguka muda mrefu kuliko mwaka jana, moshi mweupe wa dakika ya kwanza, injini inayotikisika kabla ya kutulia. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na bei ya buji nne haikaribii bei ya injini. Basi anayekusudia kupanda mlima asitosheke kwamba gari linawaka nyumbani. Ajiulize kama lingewaka Ijenda, saa kumi na moja alfajiri, na mgonjwa akiwa ndani.