Kebo haijui mwinuko, ncha zake zinajua

Mvuvi anayesukuma mtumbwi majini pale Nkome yuko katika moja ya sehemu za chini za mkoa wa Geita, na bado yuko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, maana huo ndio usawa wa Ziwa Victoria. Kwa mhandisi wa umeme jambo hilo si dogo. Viwango vya IEC, tume ya kimataifa inayosimamia ufundi wa umeme, vimeweka mpaka kwenye mita 1,000: swichigia (vifaa vya kuwasha, kuzima na kulinda umeme), transfoma na mota za kawaida hutengenezwa na kupimwa kwa ajili ya sehemu zisizozidi hapo. Ukanda wetu wa dhahabu, kuanzia Kahama na Bulyanhulu hadi Geita mjini, umeshauvuka mpaka huo, ingawa kwa mita mia chache tu.

Je, kebo za huku ziwe za aina ya pekee? Hapana. Kebo ya msongo wa kilovolti 33 ina waya wa shaba au alumini katikati, uliovikwa plastiki ngumu iitwayo XLPE yenye unene wa milimita 8 hivi. Juu ya plastiki hiyo kuna tabaka jembamba linalopitisha umeme kidogo, kisha utepe wa shaba uliounganishwa na ardhi, nyaya za chuma za kuilinda na ganda la nje. Msongo wote umefungiwa ndani ya ile plastiki, na humo hakuna hewa. Ifukie Tanga pwani au ifukie Makete nyanda za juu, haitaona tofauti.

Tofauti huanza pale fundi anapoikata ili kuiunganisha na transfoma. Lazima avue ganda, chuma, utepe wa shaba na lile tabaka jembamba. Utepe unapoishia, nguvu ya umeme iliyokuwa imetawanyika sawasawa katika urefu wote wa kebo hujazana kwenye ukingo mmoja, kama abiria wanaogombea mlango wa daladala. Ndiyo maana ncha huvalishwa mirija maalumu ya kuitawanya nguvu hiyo, na nje yake huwekwa miavuli midogo ya mpira. Kuanzia hapo, kati ya lagi (kiungio cha chuma mwishoni mwa waya) yenye umeme na bati la boksi la transfoma lililounganishwa na ardhi, kihami kilichobaki ni hewa.

Na hewa ya Geita ni nyembamba kuliko ya pwani. Mwaka 1889 mwanafizikia Mjerumani Friedrich Paschen alionyesha kwamba volti inayohitajika kupasua hewa kati ya vipande viwili vya chuma hutegemea mgandamizo wa hewa ukizidishwa kwa umbali kati ya vipande hivyo. Mgandamizo ukipungua, elektroni hukimbia mbali zaidi kabla ya kugonga molekuli, kwa hiyo hugonga kwa nguvu zaidi na kung'oa elektroni nyingine, nazo hung'oa nyingine, hadi cheche inaruka. Kwenye mita 1,200 mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa asilimia 13 hivi ukilinganisha na pwani.

Hesabu ya nyongeza inayotakiwa unaweza kuifanya kwa kikokotoo cha mwanafunzi. Chukua mita zilizozidi 1,000, gawanya kwa 8,150, kisha ipandishe namba e kwa jibu hilo; unachopata ndicho cha kuzidisha volti ya majaribio. Swichigia ya daraja la kilovolti 36 kwa kawaida hupimwa kwa pigo la radi la kilovolti 170. Kwenye mita 1,300 inabidi iwe na uwezo wa 176 ukipimwa usawa wa pwani. Kwenye mita 2,000, kama ilivyo katika nyanda za juu za Njombe, inabidi iwe 192, na hapo kifaa cha kawaida hakitoshi tena. Laini za juu, ambazo zimezungukwa na hewa kutoka nguzo hadi nguzo, hukokotolewa hivyo hivyo. Ile ya kilovolti 400 yenye kilomita 670 kutoka Iringa hadi Shinyanga, kupitia Dodoma na Singida, iko juu ya mita 1,000 sehemu kubwa ya safari, na hapo hesabu huingia kwenye urefu wa mnyororo wa vikombe vya kihami na nafasi kati ya waya na mnara.

Kwa maoni yangu, huku Shinyanga na Geita mwinuko unapewa lawama nyingi kuliko unazostahili. Nyongeza ya asilimia 4 hivi inayotakiwa kwenye mita 1,300 mara nyingi humezwa na akiba ambayo watengenezaji makini huiacha. Kinachounguza ncha nyingi ni kisu cha fundi kilichochuna XLPE, au kiputo cha hewa kilichobaki chini ya mrija kwa sababu moto wa gesi wa kuusinyaza ulipitishwa haraka haraka. Hapa mwinuko huongeza ubaya: kiputo kilichofungiwa Geita kina hewa nyembamba ya Geita, hivyo huanza kutoa cheche ndogo kwenye volti ya chini kuliko ambavyo kingefanya Tanga. Dalili zake ni mlio wa kuchichirika, harufu kali ya ozoni na, usiku, mwanga hafifu wa zambarau. Ongeza vumbi la mgodini linalolowana na umande wa alfajiri juu ya ile miavuli ya mpira, na umeme utajitafutia njia juu ya uso wake.

Kisha kuna radi. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani, na juu ya ziwa lenyewe dhoruba hupamba moto usiku. Wimbi la radi likisafiri kwenye laini ya juu na kuingia kwenye kebo, likifika mwisho wa kebo hurudi kinyumenyume na kujumlishwa na lile linalokuja. Volti hupanda palepale kwenye ncha, mahali ambapo kinga yake ni hewa. Kizuia radi kifungwe jirani kabisa na ncha, na waya wake wa kwenda ardhini uwe mfupi na ulionyooka. Kinachofungwa nguzo mbili nyuma, kisa pale kuna nafasi nzuri, kinafaa kwa picha.

Mgodini chini mambo hugeuka. Mgodi wa Bulyanhulu huchimbwa hadi zaidi ya mita 1,000 kwenda chini. Ukitoka juu kwenye mita 1,200 ukashuka kiasi hicho, mgandamizo wa hewa unakuwa karibu kama wa mji ulio mita 200 tu juu ya bahari. Ncha ya chini ya kebo haihitaji nyongeza yoyote ya mwinuko. Inapambana na joto la mwamba na unyevu. Na kebo inayoning'inia kwenye shimo refu la wima lazima ibebe uzito wake yenyewe, kwa hiyo nyaya za chuma zilizoizunguka ndizo huipa nguvu ya kuning'inia.

Kwa mchimbaji mdogo mwenye karasha (mashine ya kusaga mawe) na pampu ya kutolea maji kwenye duara (shimo la kuchimbia), mwinuko si tatizo. Vifaa vya volti 230 na 400 hupewa nafasi za hewa zinazotosha hadi mita 2,000. Geuza chaja iliyotengenezwa China, huenda ukaona pembetatu yenye mlima na maandishi 2000m. Ndiyo maana yake. Pampu yake huungua kwa sababu nyingine. Pampu ya kilowati 2.2 ya fezi moja ikivutiwa umeme mita 200 kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 hupoteza njiani karibu volti 40, na wakati wa kuwaka hupoteza zaidi. Na waya uliobaki umezungushwa kwenye ngoma yake huku ukipitisha mkondo mkubwa haupati pa kutolea joto. Plastiki ya mizunguko ya ndani hulainika wakati mizunguko ya nje bado ni ya vuguvugu mkononi.

Nirudi kwa wanaonunua vifaa vya msongo mkubwa, iwe kwa mgodi au kwa kinu cha kuchenjulia dhahabu kinachojiunga na gridi. Fomu ya kuagizia swichigia huwa na sehemu ya kujaza mwinuko wa eneo. Ijazeni kwa namba iliyopimwa kwenye kiwanja chenyewe, na ombeni cheti kinachoonyesha volti ya majaribio iliyorekebishwa kwa mwinuko huo. Sehemu hiyo ikiachwa wazi, kiwanda kitachukulia kwamba kifaa kinakwenda chini ya mita 1,000, na kwa mujibu wa viwango hakitakuwa na kosa.