Sekunde Saba za Gregory Coleman: Jinsi Rekodi ya Zamani Inavyozaa Muziki Mpya

Wanafunzi wa fasihi simulizi wamezoea kusikia kwamba tungo ya papo kwa papo huishi pale inapotendwa tu. Katika makala haya tunaeleza jinsi utendaji wa namna hiyo, ukishanaswa kwenye rekodi, unavyoweza kugeuzwa kuwa muziki wa kielektroniki wa kucheza. Aidha, tunagusia deni linalobaki nyuma yake.

Mfano wetu unatoka Marekani. Mwaka 1969 bendi ya The Winstons ilirekodi "Amen, Brother", muziki wa ala usio na maneno, uliowekwa upande wa pili wa santuri ya "Color Him Father". Ili kuurefusha, mpiga dramu Gregory Coleman aliachiwa nafasi apige peke yake. Alipiga mapigo 16 kwa kasi ya takriban mapigo 138 kwa dakika, yaani sekunde 7 hivi. Miaka ya 1990 mwanzoni, vijana wa Uingereza walijenga juu ya sekunde hizo mtindo mzima uitwao jungle.

Walifanyaje? Hatua ya kwanza ni kusikiliza na kutafuta mahali ambapo ala nyingine zimenyamaza. Kipande chenye gitaa au sauti ya mwimbaji ni vigumu kukihamisha, kwa sababu huja na tuni yake.

Hatua ya pili ni kukiingiza kipande hicho katika mashine ya kunasia sauti au kompyuta na kukikata pigo kwa pigo: dramu kubwa ya mguu, dramu ndogo yenye nyaya, matoazi. Hapa mwanafunzi wa isimu atajiona yuko nyumbani, kwani ni kama kuligawa neno katika mofimu.

Hatua ya tatu ni kubadili kasi. Katika mashine za zamani, kasi na kiwango cha sauti vilikwenda pamoja, kama kanda inayozungushwa haraka. Ukipandisha kasi kutoka mapigo 138 hadi 165, sauti nayo hupanda takriban nusutoni tatu, na dramu hulia kwa wembamba na ukali. Programu za leo huweza kuvitenganisha viwili hivyo, lakini watunzi wengi bado wanaupenda ule ukali.

Hatua ya nne ni kupanga upya. Vipande hurudiwa, hugeuzwa na kuachiwa mapengo, kisha besi nzito huongezwa, mara nyingi ikitembea kwa nusu ya kasi ya dramu. Kosa la mwanagenzi ni kulilazimisha kila pigo likae sawasawa na saa ya kompyuta. Coleman hakupiga kama saa: mapigo mengine huwahi kidogo, mengine huchelewa. Ukiyanyoosha yote, ngoma hupoa.

Sasa tuje kwenye deni. Rekodi hiyo imetumika katika nyimbo maelfu. Coleman alifariki mwaka 2006 bila kulipwa chochote kwa matumizi hayo na, kwa maelezo ya kiongozi wa bendi Richard Spencer, akiwa hana makazi. Mwaka 2015 wapenzi wa muziki walichanga takriban pauni 24,000 wakampa Spencer. Ulikuwa uungwana, lakini mpigaji mwenyewe hakuwapo.

Sisi walimu na wanafunzi huenda vijijini na vinasasauti, tukarudi na majigambo, nyimbo na hadithi. Mara ngapi tumeandika kwenye kanda "mzee mmoja" au "mama wa kijijini"? Fanani asiye na jina hawezi kuombwa ruhusa, wala kushukuriwa, wala kulipwa. Hivyo basi, kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi, tuulize jina, tueleze rekodi itatumikaje, na tuandike alichokubali na alichokataa. Kazi hiyo huchukua dakika chache, nayo haiwezi kufanywa baada ya msiba.