Kujifunza Piano Ukiwa Garissa (Sehemu ya Pili): Mtihani wa Kwanza Huchukua Muda Gani?

Wiki iliyopita tulieleza tofauti kati ya piano na vinanda vya umeme. Leo tunajibu swali la wazazi: mtoto asiyejua hata nota moja atafaulu mtihani wa kwanza baada ya muda gani?

Tuchukue Gredi ya 1 ya ABRSM, bodi ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1889, ambayo mitihani yake hufanywa Kenya pia. Gredi ziko 8. Anayeketi mbele ya mtahini hupiga vipande 3, kisha skeli. Hupewa nota ambazo hajapata kuziona azipige papo hapo, tena hupimwa sikio. Alama zote ni 150, na anayepata 100 amefaulu.

Bodi hukadiria kuwa Gredi ya 1 inahitaji saa 60 za kazi, 12 kati ya hizo akiwa na mwalimu. Iko pia gredi ya awali, inayokadiriwa saa 40, ambapo 6 ni za mwalimu. Si lazima kuifanya, lakini anayeanza kabisa hana budi kuyajua yaliyomo. Jumla ni saa 100, na 82 kati yake mwanafunzi yuko peke yake. Akifanya mazoezi nusu saa kwa siku, siku 5 kwa wiki, atazimaliza kwa wiki 33 hivi. Ongeza likizo, maradhi na mwezi wa Ramadhani, utafika mwaka mzima. Anayegusa piano Jumamosi tu kwa saa moja atahitaji zaidi ya mwaka mmoja na nusu, na kila wiki ataanza kwa kukumbuka alichosahau.

Jambo hili halihitaji maelezo marefu kwa mtu wa Garissa. Mtoto wa duksi hahifadhi juzuu kwa kukesha usiku mmoja. Husoma kidogo kila siku na kurudia ya jana kabla ya kupewa mapya. Wapo wazazi wasioafiki ala za muziki, na hilo ni lao kuamua. Kwa wanaoafiki, mwendo ni huo huo.

Sikio nalo halianzi na sifuri. Nyimbo za Kisomali hujengwa juu ya skeli ya sauti tano, na vitufe vyeusi vya piano hutoa skeli ya aina hiyo.

Kikwazo kikubwa ni mwalimu na ala. Nairobi iko zaidi ya kilomita 350. Hata hivyo, tangu 2020 bodi hiyo inao mtihani wa kurekodiwa kwa video: mwanafunzi hupiga vipande 4 mfululizo, bila skeli wala jaribio la sikio, na rekodi hutumwa kwa intaneti. Masomo pia yanaweza kufanywa kwa simu. Piano ya mbao huharibiwa na joto na vumbi, na mafundi wa kuilinganisha sauti ni wachache. Piano ya kidijitali yenye vitufe vizito inafaa zaidi.

Kwa hiyo, mzazi, usimwulize mwalimu ni miezi mingapi. Hesabu nusu saa za mwanao kila wiki, na usilipe ada ya mtihani kabla hajaweza kupiga vipande vyote mfululizo bila kusimama.

Wiki ijayo: namna ya kuchagua ala ya kuanzia.