Weka Hiyo Sindano Chini

Swali limenifikia tena. Safari hii mwulizaji amenunua picha ndogo ya mwanamke mwenye kofia ya manyoya, ya kutosha kiganjani, kwenye soko la vitu vikuukuu huko Uingereza. Amepasha sindano moto, ameichoma kwa nyuma, haikuingia. Basi ni pembe ya ndovu, basi ni ya karne ya 18, basi anauliza atapata kiasi gani. Ndugu yangu, umeiumiza mali yako mwenyewe na hujajua lolote.

Ni kweli sindano ya moto huzama kwenye plastiki nyingi na kugoma kwenye pembe. Hugoma vilevile kwenye mfupa wa ng'ombe. Ukikutana na seluloidi, ile plastiki ya zamani iliyouzwa tangu miaka ya 1870 kwa kuiga pembe, inaweza kukuwakia mkononi, kwa kuwa imetokana na kemikali za jamii ya baruti. Na kama kweli umeshika pembe, bamba lililochorwa ni jembamba mno: joto hulipinda, hulipasua, na rangi ya upande wa pili ikaanza kubanduka. Sijui nani aliyewafundisha watu jambo hili, lakini halikomi.

Haya, tuseme ni pembe. Bado hujafika popote. Pembe ingethibitisha umri endapo waghushi wangeikosa, nao hawakuikosa. Katika karne ya 19 meno ya ndovu yaliyokusanywa Zanzibar yalisafirishwa kwenda Bombay, London na Connecticut, na huko Connecticut viwanda viliyapasua kuwa vibonyezo vya piano. Piano zilipochakaa, vibonyezo hivyo viligeuzwa fremu za picha zilizochorwa kwa wingi mwanzoni mwa karne ya 20: Napoleon, Josephine, Marie Antoinette, kila mmoja na sahihi ya msanii mkubwa pembeni. Pembe halisi, umri wa uongo. Wachoraji wa Delhi nao waliwachorea wasafiri wafalme wa Kimughal na wake zao juu ya pembe halisi kabisa, wakinakiliana sura zilezile miaka nenda rudi. Hata jina la mchoraji Richard Cosway, aliyefariki 1821, lisikutie wazimu. Yeye mara nyingi aliandika jina lake nyuma ya picha; waghushi hupenda kuliweka mbele, mnunuzi aone upesi.

Tena kuna nyakati ambapo pembe ndiyo inayomfichua mwongo. Nicholas Hilliard, mchoraji wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, alichora juu ya ngozi laini ya ndama iliyobandikwa kwenye karata. Kuchora sura juu ya pembe kulianza mnamo 1700, kwa Rosalba Carriera wa Venice. Malkia huyo alifariki 1603. Ukiuziwa sura yake juu ya pembe ukaambiwa ni ya enzi zake, rudisha na udai pesa zako.

Kinachosomwa ni mkono wa mchoraji. Pembe inateleza, haifyonzi rangi ya maji, kwa hiyo fundi alijenga uso kwa vistari na nukta nyembamba, akiiacha pembe yenyewe ing'ae kama ngozi ya mtu. Chukua lenzi ya sonara. Ukiona nukta zimejipanga safu kwa safu, hiyo imetoka mtamboni. Ukiona uso laini mno usio na alama ya brashi, shuku picha ya kamera iliyopakwa rangi juu, mchezo uliokuja baada ya 1839. Nyuso za Hilliard leo zimepauka kwa sababu rangi yake nyekundu imefifia, na fedha aliyopaka kwenye vito imekuwa nyeusi. Huo ni uzee wa haki, usiutibu.

Mengine kwa haraka. Usisafishe kwa mate, mkate wala pamba yenye maji: rangi imeshikwa na gundi ya mgunga, haina vanishi, itaondoka yote. Ukiona matone ndani ya kioo, kioo chenyewe kinaoza. Ipeleke kwa mtaalamu wa kuhifadhi michoro, usifungue fremu. Iepushe na jua na unyevu, hasa mkikaa pwani. Kuuza pembe Uingereza kunabanwa na sheria iliyoanza kazi Juni 2022: picha iwe ya kabla ya 1918, isizidi sentimita za mraba 320, na isajiliwe kwanza. Kuileta Kenya, usithubutu. Nchi iliyochoma tani 105 za pembe mwaka 2016 haitasikiliza hadithi zako za Cosway kwenye uwanja wa ndege. Anayetaka kukusanya bila kesi atafute za enameli, za ngozi au za karatasi. Na bei? Inategemea mkono wa mchoraji, hali ya picha, na kama aliyechorwa anajulikana. Wengi wao hawajulikani, kwa hiyo usiache kazi.